Kikavu kwa Kikavu

Risasi, njoo. Taratibu, hakuna mwizi.
Ghala limefungwa, makufuli yote manne,
na taa ya nje inawachoma kumbikumbi bure.
Lala hapa, juu ya mifuko mitupu ya saruji,
unioneshe hiyo pua.

Kumbe imefika huku!
Juzi ilikuwa mikwaruzo, nikasema ni vumbi la Maweni.
Leo imepasuka kama matope ya Sabaki kiangazi,
imeota magamba ya kijivu, yamesimama kingoni
kama ukoko uliogoma kutoka sufuriani.
Na ulikuwa na pua, wewe:
nyeusi, mbichi, zambarau iliyotoka kuoshwa.

Miaka kumi na moja tumelinda mabati ya watu
na miaka yote hiyo naikwepa.
Ukinijia na furaha zako narudi nyuma hatua mbili,
fimbo mbele kama mpaka.
Si chuki, Risasi. Ni hesabu.
Pua mbichi ikigusa kanzu ni maosho saba,
moja la mchanga,
na bomba letu hutoa maji likipenda.
Ila chuoni tulifundishwa pia, tukiwa na mapengo:
kikavu kwa kikavu, hakuna neno.

Sasa tazama mambo.
Uzee umekupa ruhusa ya kuguswa.
Ningekupapasa pua kwa kiganja kizima
nikaenda zangu kusali alfajiri,
asiwepo wa kuniuliza.
Lakini ukavu huo ndio unaokuuma,
na dawa yake
ni kukurudisha kulekule nilikokukimbia.

Daktari wa mifugo, Mapenzi binti Nyevu,
alikuja Jumatatu kuchanja mbuzi wa tajiri.
Nikamvuta pembeni. Akachuchumaa,
akakumulika kwa tochi ya simu.
"Hana homa. Ni ngozi tu, inaota kuliko inavyopukutika.
Usibandue kavu, utamtoa damu.
Lowesha kwanza, kitambaa cha maji vuguvugu, dakika kumi,
kisha mafuta kidogo, asubuhi na jioni,
umshughulishe asiyalambe.
Ukiona kidonda, au weusi unageuka wekundu, nipigie."
Hela alikataa. Akaniangalia miguu:
"Na visigino vyako hivyo, babu, dawa ni hiyohiyo."

Nyumbani nikamweleza Mwanakheri.
Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.
Nikangoja, maana namjua,
huyu aliyewahi kunilaza barazani
kwa unywele mmoja wa mbwa kwenye kikoi.
Chuya moja, chuya nyingine, zikatupwa mlangoni.
Hakusema kitu hadi nikalala.

Magharibi, natoka kwenda lindoni,
nakuta vitu kizingitini:
chupa ya dawa ya kikohozi imejaa mafuta ya nazi,
yale anayoyakamua mwenyewe, hampi hata dada yake;
kipande cha leso, jina lake limefutika;
na mkebe wa siagi, ndani yake mchanga.
Nikautia kidole. Umechekechwa.

Basi tulia.
Maji ni ya vuguvugu, nimeyaonja kwa kiwiko.
Najua, najua, yanatekenya.
Hesabu magari wewe, mimi nahesabu dakika.
Ona, gamba linalegea lenyewe, kama lebo ya chupa,
na chini yake, mzee mwenzangu, bado kuna weusi.
Haya mafuta. Usilambe. Risasi, usilambe!
Umelamba.
Tunapaka tena. Tafuna huu mfupa kwanza.

Kisha nikaenda bombani, nikakunja mikono ya shati.
Mchanga wa Mwanakheri, laini kama unga wa mahamri.
Moja. Mbili. Tatu.
Maji yalikuwa yakitoka kwa nyuzi.
Nne.
Nilikuwa nimefika la tano
kitu kikanigusa nyuma ya goti,
cha baridi, kimelowa, kinanuka nazi.

Nikasimama hapo kidogo, sikurudi nyuma.
Moja.